Anza na Chupa ya Mafuta

Kabla hujanunua raba, kabla hata hujamwambia mtu kwamba unataka kupungua, chukua kalamu uandike tarehe ya leo kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Kama kwenu mafuta hununuliwa ya kupima, safari hii nunua lita nzima kwa mkupuo. Halafu pikeni kama mlivyozoea, msibadilishe chochote, mpaka iishe.

Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Yawe ya alizeti, ya mawese, ya pamba au ya nazi, hesabu ni ile ile. Tofauti zao zinahusu moyo na mishipa, hazihusu unene. Tuseme nyumba ina watu watano na lita imekwisha siku ya nne. Kila mmoja amekula kalori 400 kwa siku za mafuta peke yake, hapo wali, chapati na sukari havijahesabiwa. Sasa tuseme mboga ni zile zile na mpishi ni yule yule, ila lita imefika siku ya nane. Kila mmoja amejipunguzia kalori 200 kwa siku bila kuruka mlo. Kwa mwezi ni 6,000, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani 7,700. Robo tatu ya kilo imeondoka, na hakuna aliyelala njaa.

Wengi huanza kinyume. Wanajitenga na nyumba: tango na yai la kuchemsha kwenye kisahani chao, huku pilau ya wengine inanukia meza hiyo hiyo. Mtu hujikaza wiki, hujikaza mbili, ya tatu anakutwa jikoni saa tano usiku anakwangua ukoko. Sioni ajabu. Chakula chetu ni cha pamoja, na atakayetaka kupungua bila kugusa sufuria ya pamoja atapigana peke yake kila siku, mara tatu kwa siku.

Kwa hiyo zungumza na anayepika. Kama ni wewe, vizuri. Kama ni mama, mke, au dada wa kazi, kaa naye vizuri umweleze, maana yeye ndiye mwenye mpini. Mwekee kijiko cha chakula kando ya jiko. Kimoja kina kalori 120 hivi. Kazi ya kijiko hicho ni moja tu: mafuta yasimiminwe tena kutoka kwenye chupa kwa kukadiria. Vijiko viwili au vitatu vinatosha kukaangia kitunguu cha mboga ya watu watano. Nyanya zikianza kushika chini, ongeza maji kidogo na ufunike. Maharage na kisamvu viende na tui jepesi, na lile tui zito libaki la Ijumaa au Jumapili. Samaki achomwe mara nyingi zaidi ya anavyokaangwa. Chipsi mayai za kibandani, kwa maoni yangu, zihesabiwe kama sherehe, mara moja kwa wiki basi, kwa sababu viazi vinapoiva ndani ya karai la mafuta hakuna kijiko kitakachokuokoa. Wa kuwaacha nje ya mpango huu ni watoto wa chini ya miaka miwili. Hao wanahitaji mafuta ili wakue; chakula chao kiongezewe mafuta sahanini.

Baada ya mafuta, njoo kwenye chai. Chai yenyewe haina kosa. Hesabu vijiko vya sukari: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Shirika hilo hilo linasema ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo. Maana yake chai peke yake imeshakula karibu kiwango chote, na soda ya mchana bado. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi.

Usiache sukari ghafla. Ulimi hukasirika, na Jumamosi utarudi na vijiko vinne. Punguza nusu kijiko, kaa nacho wiki mbili, halafu punguza tena. Tangawizi, iliki na mdalasini husaidia sana hapa, maana chai yenye viungo vya kutosha haidai sukari nyingi. Asali ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Juisi ya embe iliyopigwa na sukari juu ni mara mbili; kula embe lenyewe, ulitafune. Na vitafunwa: andazi moja la asubuhi halina neno, ila ofisini mara nyingi huwa ni matatu, na chapati mbili za saa nne zikifuata, mtu anafika kwenye chakula cha mchana akiwa ameshakula cha mchana.

Sasa sahani. Kuna imani imeenea kwamba dona hukondesha. Dona ni unga mzuri, una pumba na kiini cha mahindi, una nyuzinyuzi nyingi na hukaa tumboni muda mrefu kuliko sembe. Lakini gramu 100 za dona na gramu 100 za sembe hazipishani sana kwa kalori. Zote huwa kwenye 350 hivi. Mlima wa dona ni mlima bado. Kinachopunguza mwili ni ukubwa wa ugali, na kipimo unacho: ngumi yako iliyofumbwa. Ugali au wali wa ukubwa wa ngumi moja, au moja na nusu kwa anayefanya kazi za nguvu. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi, bamia, kachumbari, chochote cha aina hiyo. Sehemu iliyobaki iwe maharage, choroko, dagaa, samaki, kuku au nyama. Hii ya mwisho usiibanie. Chakula cha kujenga mwili hushibisha muda mrefu, na mtu anayepungua asipokipata hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Ndizi za kupika, viazi vitamu, magimbi na mihogo si mboga. Vyote ni wanga, vinachukua nafasi ya ugali, havikai pembeni yake. Kwa mama ntilie usione haya: "Mama, wali niwekee nusu, mchicha uongeze." Ukimwambia siku tatu mfululizo, ya nne atakupakulia hivyo kabla hujafungua mdomo.

Nyumbani, pakua mara moja na sufuria ibaki jikoni. Likiwepo hotpoti mezani, mkono huenda wenyewe.

Hapa ndipo inapoingia habari ya kula kwa utulivu, jambo ambalo watu hulisikia na kudhani ni mambo ya kukaa kimya na kufumba macho. Ni jepesi kuliko hivyo. Tumbo huchukua dakika 20 hivi kuuarifu ubongo kwamba limeshiba. Anayemaliza sahani kwa dakika saba ameshaongeza ya pili kabla taarifa haijafika. Kwa hiyo lengo lako ni kuchelewa. Zima televisheni, simu iwe chumba kingine. Kula kwa mkono kama unapenda, lakini tonge liwe dogo, na usikate lingine mpaka la kwanza limeshuka. Ukifika nusu ya sahani, nawa, kunywa maji, ongea na watu dakika tatu. Kisha jiulize kama bado una njaa au unakula kwa kuwa kimebaki. Kikibaki, kifunike. Kiporo cha wali ni chai ya kesho.

Sinia lina ugumu wake. Mnapokula watano kwenye sinia moja, mwendo huwekwa na mwenye kasi, na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Simshauri mtu akatae sinia, hasa Zanzibar, Lamu au Mombasa, ambako kukaa pembeni na sahani yako ni kama kuwaambia wenzako kitu kibaya. Kaa upande wako, uangalie eneo lililo mbele yako tangu mwanzo, na ukilimaliza usivuke mpaka. Baada ya hapo chukua kachumbari, chagua miiba ya samaki polepole, endeleza mazungumzo. Mkono wako ukionekana bado uko kwenye sinia, hakuna atakayekuuliza.

Na ukisikia hamu ya kula nje ya saa za chakula, chunguza kwanza. Mara nyingi ni kiu, au uchovu, au umekaa tu na karanga ziko karibu. Kulala kidogo kuna mkono hapa pia: anayelala kwa saa tano tu usiku huamka na njaa kubwa kuliko aliyelala kwa saa saba, na njaa hiyo haitaki mchicha, inataka andazi.

Ramadhani inastahili aya yake, kwa sababu wapo wanaofunga mwezi mzima na kumaliza wakiwa wameongezeka. Futari yetu ni karamu ya wanga: mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, halafu saa nne usiku kinakuja chakula chenyewe. Fungua kwa maji na tende tatu, kunywa uji usiotiwa sukari nyingi, ukaswali Magharibi. Ukirudi utakuwa umetulia. Chagua wanga wa aina moja kwa usiku huo, nyingine ipo kesho. Nenda tarawehe kwa miguu. Daku usiliruke, liwe na maharage, mayai au samaki, ndilo litakalokubeba mchana.

Upungue kwa kasi gani? Nusu kilo kwa wiki inatosha, na kilo moja ni mwisho. Wiki ya kwanza unaweza kuona kilo mbili au tatu zimekwenda na ukafurahi. Hayo mengi ni maji. Mwili ukitumia akiba yake ya wanga huachia maji yaliyofungamana nayo, na ukirudi kula kawaida yanarudi. Ndiyo siri ya zile diet za siku saba: mzani unashuka kweli, mafuta yako pale pale. Jipime mara moja kwa wiki, mzani ule ule, asubuhi, baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Na uwe na futi ya fundi cherehani. Izungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kwenye sentimita 80, kwa mwanamume 94. Kipimo hiki nakiamini kuliko mzani, kwa sababu mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ndiyo yanayoleta kisukari na shinikizo la damu.

Kama tayari unatumia dawa za kisukari, hasa insulini au glibenklamidi, mwone daktari kabla hujapunguza chakula. Dozi iliyopangwa kwa ugali wa zamani inaweza kukushusha sukari mpaka ukaanguka. Wa dawa za presha naye apimwe mara kwa mara, maana mwili ukipungua presha hushuka na dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Mjamzito hatafuti kupungua. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, dawa za steroidi, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zinaweza kumwongezea mtu uzito. Hilo ulipeleke kliniki lizungumzwe, usiache dawa kwa uamuzi wako.

Mpaka hapa sijagusa mazoezi, na nimefanya makusudi. Mtu wa kilo 80 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kukaza hutumia kalori 300 hivi. Chapati moja kubwa ya mgahawani huzirudisha kwa dakika nne. Anayetegemea kukimbia peke yake ili apungue, huku sahani ni ile ile, atachoka kabla ya kitambi. Lakini anayepunguza chakula bila kujishughulisha hupoteza misuli, hunyong'onyea, na kilo humrudia mapema. Mazoezi ndiyo yanayozuia kilo zisirudi, na faida yake kwa sukari na presha huanza hata kabla mzani haujasogea.

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Gawa 150 kwa siku tano, ni nusu saa. Mwendo wa wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Kama umekaa miaka bila kufanya lolote, anza na dakika kumi baada ya chakula cha jioni. Misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu wakati ule ule inapopanda. Ongeza dakika tano kila wiki. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Panda ngazi.

Pwani joto halina mchezo, kwa hiyo saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Dar es Salaam, Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco hupata watembeaji alfajiri. Mombasa wana bustani ya ufukweni ya Mama Ngina. Zanzibar huufungua mwaka kwa mazoezi ya pamoja kila Januari 1. Klabu za jogingi ziko mitaani kote siku hizi, na kwa mwanamke anayehofia kutoka peke yake gizani ndizo suluhisho zuri. Usione aibu ya kuwa wa mwisho. Baibui au dera na raba za mtumba havizuii kutembea. Ila mwenye mwili mkubwa asianze kwa kuruka kamba wala kukimbia kwenye lami, magoti yatalipa. Atembee miezi miwili kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi inayokataa kurudi: simama, nenda hospitali.

Kuimarisha misuli hakuhitaji gym. Kaa kwenye kiti, inuka bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Pushapu za ukutani, kisha za kwenye meza, kisha za sakafuni miezi ikipita. Ndoo mbili zenye maji nusu, ukitembea nazo uani huku mgongo umenyooka, zinafanya kazi nzuri sana. Wanawake wengi watasema hizo ndoo wanabeba kila siku. Ni kweli, na anayechota maji kilomita moja hahitaji kuambiwa habari za mazoezi na mtu kama mimi. Huyo aanzie kwenye mafuta na sukari.

Kuhusu chai za kukondesha zinazouzwa mitandaoni sina mengi. Nyingi zina senna, dawa ya kuharisha: tumbo linapungua kwa kuwa limemwagwa, na mafuta hayajaguswa. Vidonge visivyo na lebo ya kueleweka ni vibaya zaidi. Sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwenye moyo na mishipa, imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Mkanda wa kutoa jasho unatoa jasho. Maji ya moto na ndimu ni kinywaji kizuri cha asubuhi, na hapo habari yake imekwisha.

Jiandae kwa maneno ya watu. Ukipungua kilo nne, shangazi atakuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa, na jirani hataficha: "Mbona umekwisha hivyo?" Kwetu mwili ulionona umekuwa ushahidi wa ndoa nzuri na mshahara wa uhakika, na anayekonda hushukiwa maradhi au mawazo. Usianze kutoa mhadhara wa kalori. "Niko salama shangazi, natembea sana siku hizi" inatosha. Kwenye nyumba za watu, onja kila kilichopikwa, sifia, uache nafasi, na ukihimizwa kuongeza sema umeshiba, Mwenyezi Mungu awazidishie. Mama mkwe peke yake ndiye mgumu. Kwake kubali kijiko kimoja zaidi, na jioni yake usile.

Baada ya miezi mitatu au minne mzani utagoma. Mwili mwepesi hutumia nguvu kidogo kuliko mzito, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na kilo 92 inakutosha tu ukiwa na 84. Angalia kwanza kama vijiko vya mafuta havijaanza kurudi kimyakimya, na kama lile andazi la pili halijapewa tena ruhusa. Kama vyote viko sawa, ongeza dakika za kutembea, au uamue kwamba hapo panatosha. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulioanza nao kunaleta nafuu kubwa kwa sukari na presha, hata kama picha za mitandaoni zinakutaka upungue zaidi.

Ukitulia kwenye uzito huo, peleka nguo kwa fundi azibane. Usibakize zile pana kabatini kwa ajili ya tahadhari. Dera halitakuambia kwamba kiuno kimeanza kurudi. Suruali au sketi iliyobanwa itakuambia ndani ya wiki mbili, na hapo bado ni kilo moja ya kushughulikia, si kumi.